Kadi ya Nishani Namba 207

Ijumaa, 2 Februari 2018

Soko la Maidan, Baghdad, asubuhi. Baridi, matope mpaka kwenye vifundo. Hatif alikuwa ametandika turubai lake pale pale pa kila Ijumaa — redio mbovu, saa zisizotembea, vijiko vya marehemu fulani, na kopo la biskuti lenye nishani.

Akaniita toka mbali: ustadhi, leo nimekuwekea kitu cha kukutoa machozi! Kimenitoa kicheko. Nishani saba, tano bandia. Zimepigwa juzi juzi kwenye karakana ya mtu, bati limepakwa rangi ya dhahabu, pini mpya, utepe wa duka la mapazia. Nikamwambia. Akaniomba nipunguze sauti, kuna Mjerumani anakuja saa nne, na huyo hatembei na mizani mfukoni kama mimi. Nikapunguza. Biashara ya mtu.

Nimechukua mbili zilizo halali, zote za miaka ya mwisho ya vita na Iran. Unazijua kwa wepesi wake. Mwanzoni mwa vita zilikuwa nzito, zinatoka ng'ambo, na alama ndogo ya mtengenezaji nyuma. Kufikia mwaka wa saba zinapigwa hapa hapa, kingo hazijalainishwa, zinakwaruza kidole. Nimeziandikia kadi, namba 205 na 206.

Hazina karatasi. Ndiyo hali. Utawala ulipoanguka mwaka 2003 karibu kila nyumba ilichoma karatasi ikabakiza chuma. Makosa! Hati ina jina la mtu, chuma hakina. Bila hati hujui ni ya nani wala alipewa kwa lipi. Miaka kumi na minne natafuta Nishani ya Ushujaa moja iliyo kamili: chuma, hati, na picha ya mwenyewe akivikwa. Sijaipata.

Nyumbani nikamkuta Bahija amenunua mikate ya kahi ya moto na malai ya nyati. Shemeji yangu huyu hanunui kahi bila sababu. Sababu ni binti yake, Nawar. Kuna mtu anataka kuleta posa.

Jumamosi, 3 Februari

Nimemhoji Nawar. Mtu mwenyewe anaitwa Muhannad, mhandisi wa idara ya maji, miaka thelathini na minne. Miezi minane anakwenda pale duka la dawa analofanyia kazi Nawar, kumnunulia mama yake vidonge vya presha. Nikamuuliza kama ameviona vyeti vya daktari. Akasema, ami, vyeti vya nini, nilikuwa namuuzia vitamini.

Nawar ana miaka thelathini na mmoja. Bahija ameanza kulia kwa furaha kabla hata hatujawaona. Nimemwambia asubiri.

Jumanne, 6 Februari

Wanawake wamekuja kumwangalia binti. Mimi nilijifungia chumbani na mizani yangu, sikuulizwa kitu. Sauti za vijiko, za vicheko. Mama mtu ana afya ya punda! Presha hana na hajawahi kuwa nayo. Amekula biskuti za kleicha sita na kuomba za kubeba.

Alipoondoka Bahija akaja mlangoni. Wameulizia mlezi wa binti ni nani, anafanya nini. Akawaambia: ami yake, mwalimu wa kemia mstaafu, anakusanya nishani za utawala wa zamani. Akasema mama mtu aliacha kutafuna, akasema mume wake anazo.

Ijumaa, 9 Februari

Siku ya ajabu. Niiandike kwa utaratibu.

Muhannad alikuja baada ya sala, peke yake, amevaa koti la kuazima — mikono mirefu. Nimempenda. Si mpaka mafuta. Akaweka mezani kisanduku cha mbao. Akasema baba yake, Haji Dakhil, ananisalimu na ananiomba nikipokee. Si cha mahari, si cha posa, ni zawadi tu.

Ndani: Nishani ya Ushujaa. Chini yake hati, imekunjwa mara nne, haijachomwa hata ukingo. Chini ya hati, picha.

Kamili! Nilisimama. Nadhani nilisema kitu kwa sauti, maana Nawar alitoka jikoni. Miaka kumi na minne, nikaletewa mpaka kwenye kiti changu na mtu ambaye hajui thamani yake.

Muhannad akacheka. Akasema hii nishani inamdai heshima, ndiyo iliyompeleka chuo. Mwaka 2002 watoto wa waliovikwa bado walikuwa wanaongezewa alama tano juu ya wastani. Yeye alikuwa na themanini na sita, uhandisi ulitaka tisini na moja. Nawar akamwambia: kumbe ndiyo maana maji ya mtaa wetu yanatoka siku mbili kwa wiki, yanasukumwa na alama za bure! Akamjibu: hizo siku mbili ndizo alama zangu, siku tano zilizobaki ni za baba. Sijamsikia Nawar akicheka hivyo tangu mtihani wa mwisho.

Nikamuuliza babake alikuwa kikosi gani. Mashariki ya Basra, akasema, vitani kama wote.

Wanaume wao watakuja rasmi tarehe 23. Nimekubali.

Jumamosi, 10 Februari

Kazi. Umeme wa serikali hakuna, nimetumia wa jenereta ya mtaa.

Uzito gramu 23 na nusu. Shaba iliyopakwa nikeli. Sumaku haivuti. Tai amechongwa vizuri, manyoya yanahesabika. Pini ya awali, haijabadilishwa. Utepe una doa la chai. Halali bila shaka yoyote.

Picha. Mtu wa miaka thelathini hivi, sharubu, kidevu cha Muhannad kabisa. Anavikwa na mtu ambaye kichwa chake kimekatwa na ukingo wa picha. Lakini nguo alizovaa huyu mwenye sharubu si za jeshi. Ni zile za kijani cha zeituni, za Chama kilichotawala. Nyuma ya picha: Mei 1987.

Hati. Jina: Dakhil Mutlak Hasan. Sababu: "kwa ushujaa wake katika vita vya haki." Wote waliandikiwa hivyo hivyo, haisemi kitu. Tarehe sawa. Amri namba 318.

Nimeweka kalamu chini. Nimefunga sanduku.

Jumapili, 11 Februari

Nimeamka, nimekunywa chai, nimefungua droo ya kadi. Lazima iandikwe.

Amri 318 naijua. Ninazo tatu nyingine zilizotolewa kwa amri hiyo hiyo: kadi namba 88, 131 na 132. Wenyewe wote walikuwa watu wa Chama, hakuna askari. Ile ya 131 niliinunua miaka saba iliyopita pale Maidan kwa mjane wake, ikiwa na barua ya pongezi ambayo alisahau kuichoma. Barua inasema: kwa kamati iliyowafuatilia watoro na wasaliti kwenye mabwawa ya kusini, kijiji cha Abu Khasaf, 14 Machi 1987. Kamati ya watu tisa.

Kwenye kabati hilo hilo, rafu ya juu, bila kadi, kuna cheti cha kifo cha ndugu yangu Ghazwan, mume wa Bahija. Abu Khasaf, 14 Machi 1987.

Alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikimbia mstari wa mbele baada ya wenzake wote wa handaki lake kufa siku moja. Akajificha kwenye mabwawa na wengine, wanaishi juu ya matete, wanakula samaki. Kamati ikawafikia. Tuliletewa maiti siku ya tatu, na amri: hakuna matanga, hakuna turubai, hakuna kulia kwa sauti. Nawar alikuwa na miezi mitatu.

Nilipoisoma barua ile ya 131 nilikaa chini barabarani, pale pale Maidan, watu wakidhani nimepigwa na jua. Kisha nikaenda nyumbani nikaandika kadi. Watu huniuliza kwa nini nakusanya vitu vya wale. Nawaambia maabara yangu ya shule ilikuwa na nge na nyoka kwenye chupa, na hakuna aliyedhani nawapenda.

Kadi namba 207. Aina, metali, uzito, mwaka, mwenyewe. Nimejaza yote. Mbele ya "Sababu" nimeacha wazi.

Mtu wa nne ninayemjua kati ya wale tisa ndiye baba wa Muhannad.

Jumatatu, 12 Februari

Kadi 207 bado iko mezani, sijaiweka kwenye droo.

Alhamisi, 15 Februari

Siku tatu nilijidanganya kwamba kuna akina Dakhil Mutlak wawili. Inawezekana, majina yanarudiwa. Nikamtafuta Hatif nyumbani kwake, maana anayo magazeti ya mwaka ule yamefungwa majalada, anayauza ukurasa kwa ukurasa kwa wanaotafuta tarehe za kuzaliwa.

Gazeti la Mei, ukurasa wa nne, orodha ya amri 318. Wa sita: Dakhil Mutlak Hasan, na jina la babu, na mtaa. Mtaa ule ule aliotoka Muhannad na koti lake la kuazima.

Hatif ananijua. Aliniangalia nikiandika namba ya ukurasa. Akaniuliza: yu hai? Nikasema yu hai, Ijumaa ya wiki ijayo anakuja nyumbani kwangu kumposea mwanawe. Hatif akatukana, akaomba msamaha kwa Mungu, akatukana tena. Halafu akasema: ustadhi, ukianza kuuliza kila mtu alikuwa wapi mwaka ule, mji huu hutapata wa kunywa naye chai. Nikamjibu mimi siulizi, mimi naandika kadi. Akasema haya, kaandike, halafu umwonyeshe Bahija tuone.

Nilikasirika. Njiani kurudi nikaona amesema kweli, nikakasirika zaidi.

Ijumaa, 16 Februari

Bahija anajaza dolma za kugandishwa kwa ajili ya tarehe 23. Masufuria yote yametoka. Nilikaa naye nikimenya vitunguu — jambo ambalo silifanyi, na hakushangaa, maana siku hizi haoni kitu isipokuwa harusi.

Anapanga. Anataka turubai. Si ukumbi wa kukodi, hapana — turubai barabarani, kuanzia mlango wetu mpaka kwa muuza mkate, na wapiga ngoma, na magari yapige honi mpaka majirani washtaki. Akasema: shemeji, nyumba hii ilinyimwa turubai lake. Ninalidai.

Nikamuuliza, macho kwenye kitunguu: wale watu wa kamati, ungewajua ungefanya nini?

Hakuacha kujaza. Akasafisha jani la kabichi, akalitia wali, akalikunja. Akasema zamani alikuwa na majibu mengi, ya visu na ya mafuta ya taa. Sasa angewauliza tu kama Ghazwan alisema kitu. Kama aliomba maji. Kama alimtaja mtu.

Kisha akasema, mbona unauliza leo? Nikasema Machi inakaribia. Akasema kweli, akanipa vitunguu vingine.

Nimepima mambo haya yote mawili, na mizani haisaidii. Nikikataa posa lazima nitoe sababu, na sababu itamfikia Bahija kabla ya jioni. Nikikubali, yule mtu atakula dolma hizi kwa mikono yake, Bahija akimwongezea sahani. Na nikinyamaza, nimenyamaza milele. Mimi ndiye mlezi. Neno ni langu. Sikuwahi kulitaka.

Jumapili, 18 Februari

Muhannad amekuja kurekebisha bomba la jikoni. Sikuitwa kumsalimu, nikasema nina mafua. Bomba halivuji tena.

Jumanne, 20 Februari

Nawar ameisoma kadi.

Nilikuwa nimekwenda msikitini. Aliingia chumbani kuniletea masanduku matupu ya dawa — huwa ananiletea, nayatumia kwa nishani. Kadi ilikuwa mezani. Na yeye amekulia kwenye droo hizi. Alijifunza namba kwa kuzipanga. Alipoona 318 akavuta 131 mwenyewe.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti changu. Hakuwa analia. Akaniuliza tangu lini. Nikasema tarehe kumi. Akasema: siku kumi, ami! Siku kumi nakuona unakunywa chai!

Nikasema nilikuwa nahakikisha.

Akasema: na umehakikisha?

Nikasema ndiyo. Gazeti, ukurasa wa nne.

Akairudisha 131 kwenye droo. Halafu akasema Muhannad mwaka ule alikuwa na miaka mitatu, akishika sketi ya mama yake, na hajui lolote, na mtu yeyote atakayemweka kwenye kadi naye atamjua yeye Nawar ni nani. Nikasema hakuna anayemweka kwenye kadi. Akasema basi na uso wangu uache kumhukumu, maana Jumapili nilijificha kama mwenye deni. Ni kweli.

Kisha sauti yake ikabadilika. Akasema yule mzee atakuja hapa, na ni desturi bibi harusi ambusu mkono baba mkwe. Akautazama mkono wake mwenyewe. Akasema: nitaolewa na Muhannad, ami, ukikubali. Lakini mkono ule siubusu. Nifundishe nifanyeje.

 Nimefundisha watoto wa Baghdad miaka thelathini na moja, na hili sikuwa nalo.

Akaniuliza: yule mzee anajua? Anajua alichokuletea? Nikamwambia hapana. Watu hawajui kilichomo kwenye droo zao. Wajane, mayatima, wazee — wote wananiletea chuma na kuniuliza ni cha nini. Hati inasema vita vya haki, basi. Namba ya amri hakuna aisomaye isipokuwa mimi. Alitaka kunifurahisha, akachukua kitu kinachong'aa. Hayo ndiyo nimemwambia Nawar, na nina uhakika nayo kama nilivyo na uhakika na gramu.

Akasema: mama asijue mpaka uamue. Nikasema sawa. Akaacha masanduku ya dawa mezani akaenda kazini.

Alhamisi, 22 Februari

Viti ishirini vya kuazima kwa jirani. Bahija amefua mazulia. Binamu yangu Anmar atamimina kahawa. Nimepiga pasi suti.

Sijaamua.

Ijumaa, 23 Februari, baada ya alasiri

Naandika wima. Wako ukumbini, mimi niko chumbani kwangu, mlango umerudishwa. Nina dakika chache.

Walikuja saa tisa na nusu, wanaume kumi na wanne, Muhannad mwisho kabisa, amechinjwa na tai yake ya shingoni. Haji Dakhil alitembea kwa fimbo. Miaka sitini na mitatu lakini umbo la mtu wa themanini. Sharubu hana tena. Nilimpa mkono. Nilimpa! Ulikuwa mkavu na mwepesi. Nikamkalisha mbele yangu.

Msemaji wao, mzee mwenye kilemba, alianza vizuri: dua, sifa za nyumba yetu, sifa za nyumba yao, mzaha kuhusu vidonge vya presha — watu wakacheka, hata mimi. Nilikuwa natazama sharubu ambazo hazipo. Kisha akaomba mkono wa Nawar kwa mwana wao. Nikasema tunywe kahawa kwanza. Ilikuwa ni kununua muda tu.

Anmar akamimina. Akaanza na mgeni mkubwa. Haji Dakhil akapokea kikombe, akakitazama, akakiweka chini juu ya zulia. Kimejaa.

 Kila mmoja pale anajua maana yake. Mgeni akiweka kahawa chini bila kuinywa ana haja, na mwenye nyumba hana njia: ataitimiza, au mgeni ataondoka na kiu na aibu itabaki kwenye zulia lako. Watu wa posa hufanya hivyo, ni sehemu ya mchezo, na mwenye nyumba hujibu haraka, kunywa kahawa yako, haja yako imekubaliwa. Wote walinigeukia wakitabasamu, wakingoja niseme.

 Nikauliza, haja gani, Haji?

Msemaji akashtuka kidogo, ndiyo kwanza ameisema. Lakini Haji Dakhil akajibu mwenyewe. Akasema: nina mbili. Mtu mmoja nyuma akapayuka, mbili, Haji! Mwana wako anaoa, siyo wewe! Wakacheka sana. Yeye hakucheka. Akangoja waishe.

Akasema, polepole, ananitazama: ya kwanza wanaume hawa wanaijua, wamekuja kwa ajili yake. Ya pili niliituma na Muhannad wiki mbili zilizopita, kwenye kisanduku. Mwanangu alipolitaja jina la binti, na jina la baba yake, sikulala siku nne. Nikasema nitampelekea ami yake karatasi, yeye ni msomi wa mambo haya. Akiivunja posa kabla hatujaja, nitajua ameisoma. Akitupokea, nitajua ameisoma na amenipa nafasi ya kuomba msamaha.

Wengine walitazamana. Muhannad alisema, baba, karatasi gani? Baba yake hakuondoa macho kwangu.

Nilidhani wote hawasomi. Siku kumi na tatu nimemwita mjinga, na yeye alikuwa ananingoja.

Nikasema — sauti yangu nzuri, ya darasani — niwie radhi, naenda kuileta. Nikainuka. Ndiyo niko hapa.

Kisanduku kiko mkononi. Kadi ipo mezani, "Sababu" bado wazi. Nimeijaza sasa hivi, mstari mmoja, wino bado mbichi: kijiji, tarehe, na jina la Ghazwan. Jina lake sijawahi kuliandika kwenye kadi yoyote.

Nikatoke niseme nini? Nimsamehe? Hakuniua mimi. Jibu la posa ni langu kulitoa, hilo la msamaha naona si langu. Nimeshika kitasa mara mbili.

Huku ndani wameshaingia. Bahija na sinia ya kleicha, ameshavaa dhahabu yake, anauliza kwa kunong'ona mbona kimya, nimekataa au nimekubali, yeye apige vigelegele au asipige? Nawar nyuma yake. Nawar ameiona kadi, na wino.

Bahija anauliza ninaandika nini saa hizi, wageni wamekaa! Anauliza ni karatasi gani hiyo naificha kwa kiganja.

Nawar amesema: mpe, ami. Ni yake.

Nimeondoa kiganja, nimempa kadi. Ukumbini nasikia mtu anakohoa. Kahawa ya namna ile ni funda mbili tu, inapoa upesi.

Bahija ameweka sinia chini. Amesema tumngoje, bila miwani haoni kitu, na hajui ameiacha wapi. Sitoki kumjibu Haji kabla Bahija hajaisoma.